Nkuba ya Kaka Yangu

Kwa miaka mingi baba yangu alikuwa na mtoto rubani, ingawa hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kurusha ndege. Huyo rubani alikuwa kaka yangu mkubwa, askari jeshi, na cheo hicho alipewa na baba mwenyewe siku tulipopata habari kwamba amechaguliwa kwenda Urusi kusomea mambo ya ndege. Kwa baba, mambo ya ndege yalikuwa jambo moja tu, kukaa mbele na kushika usukani. Akatangaza kijijini, akatangaza kanisani baada ya misa, akatangaza kwenye foleni ya kupima pamba. Ndege yoyote ndogo iliyopita juu yetu ikipeleka wazungu Serengeti, baba alisimama na jembe lake akaipungia mkono. Mama alimwambia aache, watu watamcheka. Alijibu kwamba mtoto wake anaona kila kitu kutoka kule juu.

Ukweli ni kwamba kaka alikuwa amesomea kuziangusha. Alikuwa kwenye kikosi cha makombora ya kutungulia ndege, katika kambi moja ya pwani, na kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya gari lenye giza mbele ya kioo cha rada. Haya aliniambia mimi baadaye sana, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba mguuni. Alisema kombora lenyewe ni kipofu. Anayeona ni mtu aliyekaa chini, anayezungusha magurudumu madogo kwa mikono ili alama ya ndege isitoke katikati ya kioo, na mtambo unaliongoza kombora kwa mawimbi ya redio mpaka linafika. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kila mwaka nawafundisha watoto kwamba mnyama ni ndege huyu na chombo ni ndege hii. Nilipomwambia hivyo alicheka. Alisema rada haijui sarufi. Kundi la kwelea kwelea likipita kwenye kioo linaweza kumtoa mtu jasho, na sehemu kubwa ya elimu yake ilikuwa ni kumtambua huyu na hii.

Angeyasema hayo mapema, mengi yasingetokea. Lakini alikuwa ameapa kutosema. Kila likizo alikuja na suruali iliyopigwa pasi, akakaa kwenye kigoda kando ya baba, baba akawaeleza wageni jinsi mwanawe anavyoruka, na yeye akanyamaza. Alidhani anatunza siri ya nchi. Mimi naona alikuwa anamtunzia baba uongo wake, na nchi haikuwa na habari.

Alirudi moja kwa moja miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa. Nchi iliyotengeneza ile mitambo ilikuwa imevunjika, vipuri vikawa haviji tena, na kazi ya kikosi ikabaki kuvua maturubai asubuhi, kufuta vumbi na kufunika tena jioni. Wengine walipelekwa kwenye kazi nyingine, wengine wakaambiwa wapumzike. Yeye aliambiwa apumzike, mtu asiyekuwa hata na mvi. Akashuka Bariadi na begi, blanketi la jeshi na redio aliyoifunga kwa shati. Sisi huku nasi tulikuwa tumepumzishwa kwa namna yetu. Ushirika ulikuwa unakata roho, wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na kuondoka nayo, dawa ya pamba kila mtu ajitafutie mwenyewe, na mjini maduka yalijaa sabuni za kunukia na redio kaseti ambazo wengi wetu tulikwenda kuzitazama tu. Tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Simiyu lilikuwa jina la mto.

Baba alichinja dume. Alialika kijiji kizima, na akaalika mpaka watu wa Shishiyu, huko nilikoolewa na nilikotoka bila kuaga, jambo ambalo lilinikera sana lakini hakuna aliyeniuliza. Watu walikula, wakanywa, wakaanza kumwuliza rubani maswali. Mzee mmoja, jirani yetu wa upande wa mtoni, akataka kujua kama wingu linalowesha nguo ukipita katikati yake. Kaka akasema hajui, maana hajawahi kuendesha ndege. Nilimwona baba akiweka kibuyu chini. Akamwuliza mbele ya watu wote, sasa huko miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini. Kaka akaanza kwa Kiswahili kile kilichonyooka cha kambini, kwamba alikuwa katika kikosi cha ulinzi wa anga, na wazee hawakuambulia kitu. Baba akamkatiza.

"Sema Kisukuma. Hapa si kambini."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu ya heshima. Kisukuma chetu kina maneno ya rangi za ng'ombe ambayo Kiswahili hakina hata robo yake, lakini neno la kombora hakina. Kaka alikuwa ameondoka nyumbani akiwa kijana wa kuchunga, na Kisukuma chake kilikuwa kimebaki kilekile cha kuchungia. Akatafuta neno, watu wakimsubiri. Angeweza kusema mshale wa moto. Angeweza kusema bunduki kubwa. Nimeyafikiria maneno hayo miaka yote hii, na bado nakasirika, maana yalikuwepo. Yeye akasema kazi yake ilikuwa kutuma nkuba. Akaeleza na kwa mikono: unakaa chini, gizani, hakuna anayekuona, unakitazama kitu kilicho mbali, unaituma nkuba, nayo inakifuata hata kikikimbia, hata kikikata kona.

Nkuba ni radi. Na kwetu radi si mambo ya hali ya hewa peke yake. Kuna radi ya Mungu na kuna radi ya kutumwa na mtu, na hao wanaosemekana kuituma hutajwa kwa kunong'ona, hawajitaji wenyewe mbele ya sinia la nyama. Watu wakaacha kutafuna. Kisha yule jirani akacheka, wengine wakacheka, na baba akacheka kuliko wote, akampiga kaka begani. Nilimtazama baba vizuri. Alikuwa amempoteza rubani na kupata mtu mkubwa zaidi, palepale, na nyama ilikuwa haijapoa.

Msimu ulipoanza baba alimkatia kaka shamba upande wa mtoni. Akalima pamba kama alivyofanya kila kitu, mistari imenyooka, magugu hakuna. Muda aliobaki nao alitengeneza redio za watu, kwa mkono mwepesi, na hakuna aliyelalamika. Siku moja ng'ombe wa yule jirani wakaingia shambani wakakanyaga mistari kadhaa. Jirani alikuja mwenyewe kuomba radhi, kofia mkononi, na kaka wala hakukasirika. Alitaka kumwondolea mwenzake aibu, ndiyo maana akamtania. Nilikuwepo, nimemletea uji.

"Una bahati, mzee. Mtambo wangu niliuacha kambini."

Ni utani wa askari. Kambini wangecheka mpaka jioni. Jirani yetu alimtazama, akanitazama na mimi, akavaa kofia na kuondoka bila kumaliza kuagana, na kwa Msukuma kuondoka hivyo si jambo dogo.

Mvua za mwaka ule zilikuja na ngurumo nyingi. Alasiri moja wingu lilitanda ghafla, jirani akawarudisha ng'ombe mapema akawafungia katika zizi lake la minyaa, nao wakajikusanya kwenye kona moja kama wanavyofanya wakiogopa. Radi ilipiga kona ileile. Mvua ilipokatika tulikwenda sote kutoa pole, na tulikuta wamelala kwa mafungu, miguu imekakamaa, dume lake kubwa lililokuwa likijulikana mpaka Maswa likiwa juu ya wengine. Hakuna aliyethubutu kugusa nyama. Mganga aliitwa. Kaka alikuwa ametangulia kufika, amevua shati, anajaribu kumwinua ndama mmoja aliyekuwa bado anapumua, na hakuna mtu aliyekwenda kumsaidia. Walisimama mbali naye, wakamwacha ahangaike na yule ndama mpaka alipokufa.

Basi maneno yakaanza. Mwanzoni yalikuwa ya wazee, na nilidhani yataishia kwao. Lakini mjini Bariadi palikuwa na banda la video, la mabati, lenye jenereta iliyopiga kelele kuliko vita vyenyewe, na vijana wetu walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda huko kila Jumapili. Wao walikuja kumtetea kaka. Walisema nyie wazee acheni ushamba, huu si uchawi, ni teknolojia, sisi tumeiona kwa macho yetu. Wakasimulia jinsi mtu anavyokaa kwenye chumba chenye giza, anabonyeza remoti, moto unatoka ardhini, unakata kona, unaingia dirishani kwa adui yake. Wakasimulia na mtu wa chuma asiyekuwa na moyo, anayetumwa kuua akaua, akarudi kusimama kimya kusubiri kutumwa tena. Wazee walisikiliza kwa makini sana. Vijana walikuja kutetea wakaishia kutoa ushahidi. Wanafunzi wangu wa darasa la pili wakaanza kutembea kwa kukakamaa kila kaka alipopita, mikono imenyooka, mpaka nikawachapa, na Mungu anisamehe sijutii.

Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijiji, walikuja kupekua kwa adabu zote, pinde begani, wakaanza kwa kutuamkia. Katika nyumba ya kaka walikuta alichotengenezea redio: kidude cheusi chenye sindano ndani ya kioo, na nyaya mbili zikitoka humo, moja nyekundu na moja nyeusi. Kwa mtu anayewafahamu waganga wetu, rangi hizo zilitosha. Lakini kaka aliulizwa, mbele ya mkutano wa kijiji, kidude kile ni cha kazi gani, na akajibu ukweli mtupu.

"Ni cha kupimia umeme."

Umeme upi? Kijiji hakikuwa na nguzo hata moja. Umeme pekee tuliokuwa tunaufahamu sisi ni ule wa mawinguni. Wakamwambia basi aeleze nkuba inatumwaje, kila mtu asikie, ili kama si uchawi ijulikane. Kaka akasema hawezi, aliapa kutosema. Wakamwuliza aliapa kwa nani, wapi, mbele ya nini. Akasimama wima kama yuko kwenye gwaride. Mtu mzima, amekwenda Ulaya, amerudi, na hajui kwamba kwa watu wale kuapa kutosema ndiyo dalili ya kwanza.

Wakatutenga. Kutengwa kwetu hakuna kelele. Hakuna anayekutukana, hakuna anayekupiga. Hawakuamkii tu. Asubuhi unasema mwangaluka, na mtu uliyezoea akuulize habari za watoto, za ng'ombe, za mvua na za ulikolala anapita kama amepita kisiki. Hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kuja kukulimia, na ukifiwa utazika mwenyewe. Kazini walimu wenzangu waliniamkia kwa Kiswahili, kwa haraka, wakitazama dirishani. Paroko alikuja mara moja, akasema tusali.

Baba alinenepa. Sina neno jingine. Nilitegemea atainamisha kichwa, lakini alitembea katikati ya njia na watu wakampisha. Wezi wa ng'ombe waliokuwa wakisumbua upande wetu wote hawakusogelea zizi letu, na baba aliacha kuweka mlinzi, akaniambia kwa tabasamu kwamba hahitaji. Alimwita kaka ale naye sahani moja. Alimkatia vipande vizuri. Zamani, wakati wa uongo wa urubani, hakuwahi kumpenda vile. Watu walimwogopa mwanawe, na baba yangu, mkulima wa pamba ambaye maisha yake yote mizani ya wengine ilimwambia amelima kidogo, aliota moto katika woga huo. Niliona, na nilimchukia kwa hilo, na nilimwelewa pia, jambo lililoniudhi zaidi.

Mama ndiye aliyelipa. Mwanamume akitengwa anakosa salamu. Mwanamke anakosa mashine ya kusaga, anakosa zamu ya kisimani, anakosa wa kumwazima chekeche na wa kumsindikiza kuni. Mama alibeba mahindi mpaka kijiji cha tatu kusaga. Na mama alikuwa na macho mekundu. Yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa samadi ya ng'ombe aliyoipikia maisha yake yote, kwa kuwa upande wetu miti ilikwisha zamani, kama macho ya nusu ya vikongwe wa Usukumani. Miaka ile macho hayo yalikuwa hukumu ya uchawi. Tulisikia kila mara, mara kijiji hiki, mara kile, bibi amekatwa mapanga akiwa anasonga ugali, na kwenye msiba watu wanasema ni majambazi, na majambazi hawajachukua hata kuku. Kila mtu alijua. Wenye ofisi walijua, na walikuja na magari yao kuhesabu marehemu.

Mama wa mwanafunzi wangu mmoja alikuja shuleni akajifanya ameleta ada. Hakuniangalia usoni.

"Mwalimu, mtoe mayu hapa. Wanauliza kaka yako alifundishwa na nani."

Mayu ni mama, na nilielewa. Mwanamume anayetuma radi huogopwa. Anayeuawa ni mama aliyemfundisha.

Nilikwenda moja kwa moja shambani. Kaka alikuwa anachuma pamba peke yake, shamba zima limefunguka jeupe na hakuna kibarua aliyekubali kuja. Mama hakutaka kuhama; nilikuwa nimeshamwomba aende kwa dada yake kule Mwanhuzi akasema hawezi kuacha kuku wake kwa mtu yeyote. Basi aliyebaki ni kaka. Nikamwambia asimame mbele ya watu aseme kazi yake ilikuwa nini, yote, kwa Kisukuma kinachoeleweka, na safari hii achague maneno. Akasema aliapa. Nilikuwa nimebeba kikapu chake, nikakitupa chini na pamba ikamwagika.

"Uliowaapia wamekurudisha na blanketi. Atakayekatwa ni mama."

Akainama akaanza kuokota pamba, akitoa majani yaliyonasa, pumba moja baada ya nyingine. Aliokota kwa muda mrefu mpaka nikadhani amenipuuza. Kisha akauliza kama baba atakuwepo kwenye mkutano. Nikamjibu kwa hasira kwamba baba hakosi mkutano. Akatikisa kichwa, akasema nikamwambie mtemi wa sungusungu kwamba yuko tayari.

Mkutano uliitishwa mchana, dagashida hasa, baraza la sungusungu la vijiji kadhaa, wanaume wamekaa duara na pinde zao, sisi wanawake tumekaa pembeni. Mama alikaa kati yangu na mti, na nafasi kubwa ilikuwa imeachwa kumzunguka. Mtemi alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, mfugaji, si mtu mbaya. Hakuuliza habari za mtambo. Aliuliza swali ambalo mfugaji yeyote angemwuliza mtu mwenye mshale.

"Umeangusha ngapi?"

Baba akasimama kabla kaka hajafungua mdomo. Akasema ni nyingi, na idadi yake ni siri ya serikali, na wanaotaka kujua wangoje ndege ya adui ipite hapa waone. Akakaa, ameridhika. Nikasikia wanawake nyuma yangu wakivuta pumzi. Kaka akamtazama baba kitambo, kwa upole, kama mtu anayeomba ruhusa asiyopewa. Kisha akamgeukia mtemi.

Akasema hajaangusha hata moja. Akasema katika maisha yake yote alituma mara moja tu, huko Urusi, jangwani, siku ya kumaliza mafunzo, na aliyoilenga ilikuwa ndege isiyokuwa na mtu ndani. Hapo watu wakapiga kelele, wakauliza ndege isiyo na mtu inarukaje, na vijana wa video wakataka kusimama kueleza wakaambiwa wakae. Kaka akaeleza kwa utaratibu kwamba huongozwa na mtu aliye chini, na kwamba ile haikuwa na kazi yoyote duniani isipokuwa kupigwa, imetengenezwa ili mwanafunzi aipige. Mtemi akauliza ikawaje.

"Niliikosa."

Akaendelea, maana alikuwa ameshaanza na naona hakuweza tena kujizuia. Alisema walimu wake walimwambia ni bahati mbaya, atapiga ya kweli nyumbani. Akarudi, akakaa mbele ya kile kioo miaka yote, akavua turubai na kufunika, akisubiri ndege ya adui, na ndege ya adui haikuja. Alichokiona kwenye kioo ni ndege za abiria na kwelea kwelea. Siku walipomwambia akapumzike, mkono wake ulikuwa bado haujapiga kitu. Aliyasema yote hayo kwa Kisukuma chake cha kuchungia, bila kukosea neno. Sijawahi kumwonea mtu uchungu vile.

Mtemi akamtazama yule jirani mwenye ng'ombe, akatazama wazee wa upande wake, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayefunga kesi.

"Nkuba haikosi."

Kwisha. Kwa watu wale hapakuwa na hoja nyingine ya kuongeza. Radi ya kutumwa inafika ilikotumwa, ndivyo ilivyo, na mtu aliyetuma akakosa hajatuma nkuba, ametuma kitu kingine cha kizungu kisichokuwa na faida. Kicheko kilianzia kwa wazee. Kikaenda duara zima, watu wakapigana mabega, wakashika mbavu, mmoja akaigiza ndege inayopita taratibu na mtu anayeirushia akaikosa. Jirani yetu alicheka mpaka akafuta machozi, akaja akamshika kaka mkono wa kulia na kumwamkia kirefu, salamu yote, na ya ng'ombe, na ya mvua. Kaka akaitikia yote kwa mpangilio wake. Jioni ileile mke wa jirani alikuja kwetu kuomba chumvi, na chumvi alikuwa nayo. Mama alimpimia vijiko vingi kuliko alivyoomba. Walikaa jikoni mpaka moto ukapungua.

Baba hakurudi na sisi kutoka mkutanoni. Alipita njia ya mtoni peke yake. Tangu siku hiyo alikula sahani yake, upande wake, amempa kaka mgongo. Kijijini wakaanza kumwuliza rubani wake hajambo, na mtungua ndege wake je, na kwenye foleni ya pamba kijana mmoja alirusha kokwa la embe likampita mwenzake, watu wakasema huyo amesoma Urusi. Baba alikuwa akirudi nyumbani na kila neno alilosikia, akimwambia mama kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya kaka, kwamba serikali ilimlisha mtu yule na kumvika miaka yote kwa kazi ya kutazama kwelea. Ng'ombe akawawekea mlinzi tena. Ndege za Serengeti zilipopita hakuinua uso.

Kaka alivumilia mpaka pamba yote ilipokwisha kuchumwa na kuuzwa. Akapata kazi ya kulinda ghala la mnunuzi mmoja kule Mwanhuzi, na kwa mshangao wake hawakumwuliza alichosomea, walimwuliza tu kama ana usingizi mzito. Asubuhi ya kuondoka alivaa suruali yake ya pasi akaenda kupiga magoti mbele ya baba kuaga, kama inavyotakiwa. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda anachonga mpini. Hakuacha kuchonga. Niliomba moyoni aseme nenda salama, neno hilo moja, mimi mwenyewe ningemsamehe yaliyobaki.

"Afadhali ungeniachia ile nkuba," alisema.

Kaka akaitikia, ndiyo baba, akainuka, akajipangusa magoti. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika matobolwa, viazi vikavu vya safari alivyomfungia kwenye kitambaa, hatua chache tu kutoka hapo, na alisikia.